Sauti Ndani ya Mkebe

SEHEMU YA TISA

Kufuli lilifungwa kwa nje, na Kavata akabaki ameshika kitasa kisichozunguka. Ndivyo tulivyomwacha Jumapili iliyopita, msomaji wangu, ndani ya gari la sinema, katikati ya soko la Mutomo, na kelele za wanawake zikiongezeka nje.

Aliyekosa gazeti lile nitamfupishia. Kavata binti Musembi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao Tawa kabla kampuni ya matangazo ya Upeo haijamchukua Nairobi. Sauti yake ndiyo sauti ya Mama Tunu, ile inayosifu maziwa ya unga ya Tunu katika kipindi cha Kikamba redioni. Mwaka huu wa njaa Upeo wamemzungusha masokoni ili watu waione sura ya sauti wanayoijua. Lakini pale Mutomo, badala ya kupigiwa vigelegele, alikutana na bibi mmoja aitwaye Syokau, mkono mmoja mtoto mkondefu, mkono wa pili mkebe mtupu wa Tunu. Kabla Kavata hajamjibu, bosi wake Mwangangi alimsukuma ndani ya gari na kufunga.

"Salim, nifungulie," alisema Kavata.

Salim Abdallah, fundi wa sinema, mzaliwa wa Kitui mjini, alikuwa amechuchumaa kando ya projekta akifuta lenzi kwa kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Ufunguo anao yeye, mwalimu. Hata mimi nimefungiwa."

Ndani mlikuwa na joto la tanuri na harufu ya dizeli. Tundu pekee lilikuwa dirisha dogo la kupitishia mwanga wa sinema, upana wake kama daftari la shule. Kavata alisogeza uso pale apate hewa. Alichopata ni uso wa Syokau, umbali wa mkono.

"Wewe ndiye Mama Tunu?" Bibi hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Kavata alishika ukingo wa dirisha.

"Nakuuliza kwa sababu sauti naijua. Imekula na sisi, imelala na sisi."

"Ndimi, mwaitu," Kavata alisema mwishowe, akimwita mama yangu kwa Kikamba, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri ule kwao.

"Basi huyu ni mjukuu wangu, Muthama, jina la babu yake. Mama yake ni Mbula, yule pale aliyekaa chini. Ulimwambia maziwa ya mama mwenye njaa ni maji matupu. Akakuamini, akamwachisha ziwa. Sasa mkebe umeisha, dukani hakuna mwingine, na Mbula amekauka. Wewe unayejua, tuambie. Tumpe nini?"

Mtoto aligeuza kichwa kuelekea sauti. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso. Alifungua kinywa kana kwamba analia, na hakikutoka kitu.

Maneno yale Kavata aliyasoma kwa kinywa chake. Mvua zilipokosekana na watu wakaanza kuipa njaa ile jina la Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nimeshika pesa mkononi, Upeo walibadilisha tangazo kabla juma halijaisha. Tangazo la kwanza lilisema Tunu ni zawadi kwa mtoto. Jipya likasema mama mwenye njaa hana maziwa ya maana. Kavata alikuwa amesita mbele ya maikrofoni. Aliuliza kama ni kweli, wakamwambia daktari amepitisha. Daktari gani, hakuambiwa.

"Mama, hebu sogea kidogo," sauti ya Mwangangi ilisikika nje, laini kama mafuta. "Mama Tunu amechoka na safari. Filamu itaanza jua likizama. Mtamwona mtoto mzuri sana."

Kufuli likalia. Mwangangi aliingia akiwa amekunja mikono ya shati, akafunga mlango nyuma yake, akaketi juu ya kasha la filamu. Alikuwa mwenyeji wa Kitui pia, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari. Aliwajua watu wake.

"Umemwambia nini yule bibi?"

"Bado. Lakini nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba tulikosea. Mbula amrudishe mtoto titini, na wampeleke hospitali ya misheni. Ni hapo tu, Bwana Mwangangi. Hata paa linaonekana."

Mwangangi alicheka kidogo, bila ubaya.

"Sikiliza, mwalimu. Mimi nilianza kazi hii nikibandika karatasi ukutani, hapa hapa Mutomo. Gundi yetu ilikuwa uji wa unga. Asubuhi mbuzi walikuwa wameila picha yote, mtoto na mkebe. Tukaleta mabati yaliyopakwa rangi. Watu wakayang'oa, wakazibia maghala. Nikawaambia wakubwa, watu hawa tuwape sauti. Sauti hailiwi na mbuzi, wala huwezi kuzibia ghala. Inaingia hadi jikoni mama akiwa anasonga ugali, na hajui kama ni tangazo au ni jirani anamshauri. Nikatafuta sauti ya jirani. Nikakupata wewe."

"Na jirani akidanganya?"

"Tangazo halitubu, Kavata. Likichoka, linabadilishwa. Nimeshalibadilisha. Leo baada ya filamu utasema hivi: Tunu ni salama, chemsha maji. Basi. Mtoto akiugua, kosa ni la maji."

"Umeona wanakochota? Wanachimba mchanga wa mto mpaka mabegani. Na kuni za kuchemshia ziko wapi?"

"Hiyo si kazi yetu."

"Sitasema."

Mwangangi alisimama. Gari lilikuwa fupi, ikabidi ainamishe kichwa, na uso wake ukawa karibu sana na wa Kavata.

"Wanawake hao hawaijui Upeo. Hawajui kwamba kuna Mwangangi aliyeandika maneno. Wanajua sauti moja tu. Ukiwaambia walidanganywa, watamtafuta aliyewadanganya, na hawatamtafuta mbali. Nimekufungia ili usiumie. Lakini ukitaka, nitakufungulia, halafu niondoke na gari, nikuache hapa na wao. Chagua."

Akatoka. Kufuli likalia tena.

Kavata alikaa mahali alipokuwa amekaa bosi. Akinyamaza, mtoto yule angekufa, na wengine ambao hajawaona. Akisema, atakuwa amejifunga kamba mwenyewe na kuwapa watu ncha. Na hata akikataa kazi leo, kesho asubuhi redio ingepiga ukanda uleule. Sauti yake ilishamtoka. Ilikuwa inafanya kazi bila yeye.

"Mkeo amejifungua, Salim?" aliuliza, ili tu asikie mtu akizungumza.

"Hasina? Mwezi uliopita. Msichana, alhamdulillahi."

"Anampa nini?"

Salim aliweka kitambaa chini. "Alitaka nimletee Tunu. Kazini napewa bure. Nilikataa."

"Kwa nini?"

Fundi yule aliangalia mlango kwanza. Kisha akaja akachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu, yule mtoto mnene wa kwenye filamu, anayecheka na mkebe. Mimi nilikuwapo akipigwa picha kule studio Nairobi. Kila akilia walikuwa wanasimamisha kamera, mama yake anaingia nyuma ya pazia na kumnyonyesha, anarudi anacheka, wanaendelea. Tunu hajawahi kuionja. Mkebe wenyewe ulikuwa umejazwa pamba usiwe mzito."

Kavata aliinuka kutoka kwenye kasha.

"Umekaa na jambo hilo mwaka mzima?"

"Nina watoto watatu na mama mgonjwa. Ningemwambia nani?"

Kavata naye alikuwa amekaa na lake.

Jua lilizama, shuka jeupe likafungwa kati ya miti miwili, na jenereta likaanza kunguruma nje. Soko zima likakaa chini. Watu walikuwa wametembea mbali kwa matumbo yenye mahindi machache ya manjano ya msaada, ili waone picha inayotembea. Mwangangi aligonga ubavu wa gari mara mbili. Salim akawasha.

Mtoto mnene akatokea kwenye shuka, mkubwa kama nyumba. Watu wakaguna kwa kupendezwa.

Kavata alinyoosha mkono. "Nipe maikrofoni. Sasa hivi, si baadaye."

"Wallahi, mwalimu, kazi yangu."

"Najua."

Salim alifunga macho kidogo, kama mtu anayemeza dawa chungu. Akazima sauti ya filamu, akachomeka waya wa maikrofoni na kumwekea kiganjani. "Mimi nimewasha mashine tu," alisema. "Maneno ni yako."

Kwenye shuka mtoto aliendelea kucheka bila sauti. Kutoka kwenye vipaza sauti juu ya gari ikasikika sauti ambayo kila mtu sokoni aliijua.

"Mimi ndiye Mama Tunu. Jina langu ni Kavata, baba yangu ni Musembi wa Tawa. Niliwaambia maziwa ya mama mwenye njaa ni maji. Si kweli. Nilipewa maneno nikayasoma, na sikuyachunguza. Mtoto huyu mnayemwona hajawahi kunywa Tunu. Alinyonya mama yake, kati ya picha na picha, nyuma ya pazia. Aliyemwachisha mtoto kwa sababu yangu amrudishe titini, hata kama pamekauka. Mtoto aliyelegea apelekwe hospitali leo, asingoje kesho. Mwaitu Syokau, umeniuliza tumpe nini. Hilo ndilo jibu langu, na nimechelewa."

Mwangangi alikuwa ameshafika mlangoni, anapiga bati kwa ngumi. Alikosea tundu la kufuli mara mbili. Akaacha mlango, akakimbilia jenereta na kulizima. Mtoto mnene akatoweka. Shuka likabaki jeupe katika mwanga hafifu wa jioni, na watu wote wakageukia gari.

Kavata alisikia hatua nyingi zikilisogelea gari.

"Fungua," alisikia Syokau akisema nje.

"Mama, huyu amechanganyikiwa, ni joto la..."

"Fungua, mwana wa watu."

Kufuli likafunguka. "Haya," Mwangangi alisema kwa sauti kubwa ili wote wamsikie. "Aliyewadanganya amekiri mwenyewe. Ndiye huyo. Mimi ni dereva wa maneno yake tu."

Kavata alishuka. Wanawake walikuwa wamemzunguka pande zote, na mmoja alikuwa ameshika jiwe. Hakulitupa, lakini hakuliweka chini. Nyuma yake Kavata alisikia injini ikiwashwa. Mwangangi alimwamuru Salim aendeshe, na Salim, ambaye hakuwa na la kufanya, aliendesha huku akitazama kioo cha nyuma. Shuka la sinema waliliacha mitini likichezeshwa na upepo.

Syokau alikuja mpaka mbele yake. Kavata alifumba macho akingoja kofi. Alichopata ni uzito mdogo sana mikononi, mwepesi kuliko kuku.

"Mbebe," bibi alisema. "Sauti yako ilimfikisha hapa. Sasa miguu yako imfikishe hospitali."

Na wale wanawake wakamfuata nyuma mpaka langoni, pamoja na yule wa jiwe.

Nesi wa zamu alimpokea mtoto bila maswali, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ngozi ikabaki imesimama, maji yamemwisha mwilini. Akamtundikia maji ya dripu, kisha akamgeukia Mbula. Mbula alikuwa msichana bado.

"Akiamka, mweke titini."

"Hakuna kitu, nesi."

"Mweke tu. Maziwa huitwa na anayenyonya. Usipoita, hayaji. Na wewe mwenyewe utakunywa uji hapa, kila tukipika."

Kavata aliona kazi yake imekwisha. Alipogeuka, Syokau alikuwa amekaa kizingitini, miguu imenyooshwa mbele.

"Unaenda wapi?"

"Nitafute gari la kwenda Kitui, mwaitu."

"Hutaondoka. Utakaa hapa mpaka mtoto huyu alie kwa nguvu zake. Ukiondoka, watasema ulikuja kutucheka."

Hivyo Kavata akafungwa mara ya pili, na safari hii bila kufuli. Alilala kwenye kibanda cha jamaa za wagonjwa, kwenye mkeka wa kuazima. Alikuwa akiteka maji kwenye tangi la hospitali, akiosha nepi, akikoroga uji. Wanawake walimpisha njia kama mtu mwenye ndui. Asubuhi redio iliyotundikwa mlangoni mwa jiko ilipiga tangazo lilelile, sauti ileile tamu, na kila mwenye kijiko akakisimamisha na kumtazama. Mpishi akaizima. Kavata akapita benchi kwa benchi akisema, "Hiyo ni ya zamani. Msiifuate. Mimi niko hapa, nisikilizeni mimi." Wengine walisikiliza. Mama mmoja kutoka Kanziko alimjibu kwamba redio haijawahi kumdanganya kuhusu bei ya pamba, sasa amwamini nani.

Siku ya pili Mbula alilia, maana mtoto alivuta mpaka chuchu zikapasuka na hakuna kilichotoka. Kavata alikaa naye, akamshikia mtoto mgongo, akamwimbia nyimbo za shuleni kwa sauti ya chini. Mbula ndiye aliyeanza.

"Ulikuwa unanichekesha," alisema. "Nikiwa jikoni. Kuna mahali unasema mtoto anakojolea magoti ya baba. Nilikuwa nacheka kila siku."

"Mimi pia nilicheka nilipoisoma."

"Ndiyo maana nilikuamini."

Siku ya tatu, mchana, Muthama alishika titi, akavuta, akaacha kulia. Mbula aliangalia chini. Pembeni ya mdomo wa mtoto palikuwa na tone jeupe. Halafu lingine. Alimwita Syokau kwa jina lake tupu, bila adabu yoyote, na bibi akaja mbio, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Kavata, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu.

"Kesho utaenda zako, mwanangu. Utakula kwangu kwanza."

Kavata alitoka nje kuficha machozi. Jikoni mpishi alikuwa amewasha redio ili asikie habari za msaada wa mahindi, na wanawake walikuwa wamejipanga na bakuli zao. Kipindi cha Kikamba kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza.

"Mimi ni Mama Tunu," redio ilisema.

Mpishi alinyoosha mkono aizime, kisha akauacha hewani. Haya hayakuwa maneno ya jana.

"Mimi ni Mama Tunu, na niko Nairobi, mzima. Kuna mwanamke huko Mutomo anayejiita mimi. Si mimi. Anawaambia muwape watoto maji ya njaa yenu. Mama mpendwa, usidanganywe na tapeli wa sokoni. Mpe mwana Tunu."

Kavata alisogea karibu na redio. Sauti ilikuwa yake. Kina chake, utamu wake, hata namna ya kulivuta neno la mwisho. Lakini hakuwahi kuyasoma maneno yale mbele ya maikrofoni yoyote duniani.

Kisha akakumbuka kwamba, kabla ya kutamka "mwana", sauti ile ilikuwa imevuta pumzi kidogo, kama mtu anayeingia maji baridi. Kavata aliijua pumzi ile. Alilala nayo kitanda kimoja utotoni, akaimba nayo kwaya ya kanisa pale Tawa, ambapo hata mchungaji alikuwa hawezi kuwatofautisha akiwa amefumba macho. Ilikuwa ya Kalunde, mdogo wake wa kike waliyeachiana ziwa. Mwangangi hakwenda moja kwa moja Nairobi. Alipitia Tawa, nyumbani kwao Kavata, akamchukua mdogo wake.

Alipogeuka, Mbula alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Alikuwa amesikia yote. Polepole, bila kumwondolea Kavata macho, aliingiza kidole mdomoni mwa mtoto, akamtoa titini, akajifunika kwa leso. Muthama akaanza kulia, na safari hii alilia kwa nguvu.

Wanawake waliweka bakuli zao chini mmoja baada ya mwingine. Syokau akapita katikati yao, akaja mpaka kwa Kavata, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto asiyesema kweli.

"Mama Tunu yuko Nairobi," alisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Basi wewe tuliyekupa mtoto wetu, niambie. Wewe ni nani, na yule ni nani?"

Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa jina la mdogo wake.